Redio Iliyorusha Bila Kuamriwa: Uchambuzi wa Kisa cha Kituo cha APRS Kilichohama Linux Kwenda FreeBSD

Kituo chenyewe hakikuwa na makuu: redio moja ya FM ya bendi ya mita 2, antena ya wima, kompyuta ndogo isiyo na skrini, na kati ya redio na kompyuta kisanduku chenye kadi ya sauti ya USB pamoja na chipu ya FTDI inayogeuza USB kuwa poti ya siriali. Milio ilipita kwenye kadi ya sauti. Amri ya kurusha, ile PTT, ilipita kwenye mstari wa RTS wa poti ya siriali: RTS ikiwashwa, transista inaipeleka PTT kwenye ardhi na redio inarusha, RTS ikizimwa, redio inarudi kusikiliza. Kazi ya kituo ilikuwa kupokea pakiti za APRS (mfumo wa redio ya ridhaa wa kurushiana taarifa fupi, kama vile mahali kituo kilipo) hewani na kuzifikisha kwenye intaneti, na mara moja moja kutangaza mahali kilipo. Mfumo endeshi ulikuwa Linux, na programu kuu ilikuwa Direwolf, ambayo ni modemu ya pakiti iliyoandikwa kama programu badala ya kuuzwa kama kifaa cha mezani.

Kila kompyuta ilipowashwa, na kila kebo ya USB ilipochomolewa ikachomekwa tena, taa nyekundu ya redio iliwaka na kubaki imewaka kwa sekunde kadhaa. Hakuna pakiti iliyotoka. Lilitoka wimbi tupu, kwa nguvu zote za redio, kisha kimya.

Asiyefanya APRS anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Katika APRS vituo vyote vya eneo hugawana masafa mamoja, 144.800 MHz katika nchi nyingi za Kanda ya 1 ya IARU, umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa, na 144.390 MHz Amerika ya Kaskazini, na data huenda kwa biti 1200 kwa sekunde. Pakiti ya kawaida humalizika kwa takriban sekunde moja. Wimbi tupu la sekunde tano lina maana kwamba pakiti kadhaa za wenzako zimefunikwa, na wao hawajui kilichowafunika kwa sababu wimbi halina ishara ya mwito. Na katika redio ya ridhaa mwenye leseni ndiye anayebeba kila kinachotoka kwenye antena yake, hata kama kimetoka yeye amelala.

Mwenye kituo alifikia uamuzi ambao wengi wetu huufikia tukichoka: tatizo ni Linux, tuihame. Alikuwa na sababu nyingine zinazoeleweka. Alitaka mashine ambayo akiangalia orodha ya michakato inayoendeshwa anaitambua yote, na ambayo mwongozo wake unalingana na toleo alilonalo. FreeBSD inasifika kwa mambo hayo mawili, na sifa hiyo ni ya haki. Ila ugonjwa alioutaja kama sababu kuu haukuwa wa mfumo alioukimbia, au tuseme ulikuwa wake nusu tu. Hiyo ndiyo hoja yangu katika uchambuzi huu, na ili ieleweke lazima tuanze na kilichokuwa kikitokea kule Linux.

Kwenye usambazaji mwingi wa Linux uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za kawaida kuna huduma iitwayo ModemManager. Kazi yake ni kutafuta modemu za simu. Poti ya siriali ya USB inapojitokeza, huduma hiyo inaweza kuifungua, kuipelekea amri za AT, na kusubiri jibu. Redio haijui AT ni nini. Haijibu. Huduma inasubiri, inajaribu tena, inakata tamaa, inafunga poti. Muda wote ambao poti iko wazi, RTS imewashwa, na kwenye kituo chetu RTS ikiwashwa redio inarusha. Hizo ndizo zile sekunde kadhaa. Kuna pia brltty, programu ya vifaa vya Braille, ambayo nayo imewahi kuwanyang'anya watu poti zao kwa sababu baadhi ya vifaa vya Braille hutumia chipu zilezile za USB.

Dawa yake upande wa Linux ni fupi mno kulinganisha na kuhama mfumo mzima: ama uiondoe ModemManager kabisa, maana kompyuta isiyo na modemu ya simu haiihitaji, ama uandike kanuni ya udev, huduma ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa, inayoipa chipu ile sifa ya ID_MM_DEVICE_IGNORE yenye thamani ya 1. Amri ya lsof ikipewa jina la poti wakati taa ya redio imewaka ingemtaja mshukiwa hapohapo. Mwenye kituo hakuitumia. Simlaumu sana, taa ikiwaka mkono huenda kwanza kwenye swichi ya redio, si kwenye kibodi.

Basi akahama.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. FreeBSD ina kundi la vifurushi liitwalo comms, na humo mna Hamlib ya kuziendesha redio, fldigi, WSJT-X, GNU Radio, na vingi vya ukoo huo. Kadi ya sauti ya kisanduku ilitambuliwa na draiva ya snd_uaudio ikapewa jina /dev/dsp1. Faili /dev/sndstat ndiyo inayoonyesha nani kapewa namba gani. Hapo kuna jambo dogo la kuangalia: namba ya kifaa-msingi, hw.snd.default_unit, isielekee kwenye kadi ya redio. FreeBSD huchanganya sauti za programu kadhaa kwenye kadi moja bila kuombwa, kwa hiyo mlio wowote wa kompyuta unaweza kujikuta hewani pamoja na pakiti.

Poti ya siriali ilihitaji maelezo zaidi. Aliyezoea /dev/ttyUSB0 ya Linux anakutana na majina mawili kwa kifaa kimoja: ttyU0 na cuaU0. Hayafanyi kazi moja. ttyU0 ni mlango wa simu zinazoingia: ukiufungua, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inakungojesha hadi upande wa pili uwashe mstari wa DCD, yaani hadi modemu iseme kuna mtu amepiga. Redio haina DCD ya kuwasha, kwa hiyo programu iliyoelekezwa huko hukwama bila kosa wala ujumbe. cuaU0 ni mlango wa kupiga simu kwenda nje, hufunguka papo hapo, na ndio wa kutumia kwa redio. Ruhusa zake ziko kwa kundi la dialer, si dialout kama kwenye Debian. Mwenye kituo alijiongeza kwenye dialer, akaandika cuaU0 kwenye faili ya Direwolf, na hapo hakukwama.

Alichopoteza ni AX.25, itifaki ya pakiti za redio ya ridhaa, ndani ya keneli, na hili halina budi kusemwa wazi kwa yeyote anayefikiria safari kama hii. Linux imekuwa na AX.25 kwenye keneli yake tangu miaka ya 1990. Unaweza kuchukua modemu ya pakiti, kuiunganisha kwa kissattach, na papo hapo redio inakuwa kiungo cha mtandao kama kadi ya Ethernet, chenye anwani za IP za mtandao wa 44, ule wa wanaredio wa ridhaa, ukipenda. FreeBSD haina kitu hicho, NetBSD haina, na OpenBSD ya kawaida haina; mradi wa hamBSD ulijaribu kuileta kwenye msingi wa OpenBSD, lakini huo ni mfumo wa pembeni. Mwenye kituo alikuwa na kiungo cha ax0 kule Linux, na programu ndogo iliyowapokea wageni waliounganika kwa kibodi. Vyote viwili viliishia hapo.

Je, ilikuwa hasara kubwa? Kwa kituo hiki, hapana. Direwolf ina AX.25 yake ndani, inajua kuzungumza na seva za APRS za intaneti kwenye poti 14580, na inatoa milango miwili kwa programu nyingine: ule wa AGW kwenye poti 8000 na ule wa KISS kwenye poti 8001. KISS ni itifaki ya miaka ya 1980 iliyobuniwa ili modemu ifanye kazi ya modemu tu na kuiachia kompyuta mambo ya AX.25, programu yoyote iliyobeba AX.25 yake yenyewe inaweza kuingia hapo bila kuijali keneli. Kwa APRS hilo linatosha na kubaki. Kwa anayetaka TCP/IP juu ya pakiti, au sanduku la barua la zamani lililojengwa juu ya soketi za AX.25, ushauri wangu ni abaki Linux wala asione haya.

Kisha ikaja jioni ya majaribio, na hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa kisa.

Kabla ya kuiamini Direwolf alitaka kuhakikisha poti inafanya kazi, akafanya kile ambacho mtu yeyote wa Unix angefanya: cu -l /dev/cuaU0. Programu ya cu ni ya kale, imo kwenye mfumo wa msingi, na haina hila. Poti ikafunguka. Redio ikarusha. Haikurusha kwa sekunde kadhaa safari hii, bali kwa muda wote ambao cu ilikuwa wazi. Alipotoka kwenye cu, taa ikazima. Aliporudi, ikawaka. Alikuwa ameruka majivu akakanyaga moto, na maneno aliyoyasema kuhusu FreeBSD usiku huo hayafai kuchapishwa.

Alichofanya baadaye ndicho kilichookoa siku. Aliichomoa redio akaweka LED na rezista mahali pa PTT. Ningetamani kila mtu aanze hivyo. Ukijaribu na redio halisi kila jaribio linagharimu masafa ya watu. LED inakuonyesha jambo lilelile bila kumsumbua mtu. Na fstat /dev/cuaU0 ilimwonyesha kwamba hakuna mchakato mwingine wowote ulioishika poti isipokuwa cu. Kwa mara ya kwanza tangu tatizo lianze, mshukiwa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameitwa na mwenye nyumba.

Maana yake ni kwamba hapakuwa na huduma iliyojificha. Kufungua poti kwenyewe ndiko kulikowasha RTS. Na ndivyo ilivyo, Linux na FreeBSD sawasawa: programu inapofungua poti ya siriali, keneli huwasha RTS na mstari mwenzake wa DTR pamoja, kabla programu haijapata nafasi ya kusema inataka nini. ModemManager haikuwahi kuagiza redio irushe. Ilifungua poti tu.

Kwa nini keneli ifanye hivyo? Mifumo ya Unix ilikua ikihudumia terminali zilizounganishwa kwa modemu za simu. DTR iliiambia modemu kwamba kuna kompyuta iliyo hai upande huu, ipokee simu. DTR ikizimwa modemu ilikata simu. RTS ilikuwa na historia yake. Kwenye modemu za zamu, zile ambazo pande mbili haziwezi kusema kwa wakati mmoja, RTS ndiyo iliyoiamuru modemu iwashe wimbi lake, na modemu ilijibu kwa CTS laini ikiwa tayari. Modemu ya Bell 202 ilikuwa ya aina hiyo, ikitumia milio ya 1200 Hz na 2200 Hz. Msomaji wa APRS ameshazitambua namba hizo: ndiyo milio tunayoirusha mita 2 mpaka leo. Kwa hiyo aliyeunganisha RTS na PTT hakuchakachua kitu. Aliirudisha RTS kwenye kazi yake ya awali. Modemu zilizokuja baadaye ziliweza kusema na kusikia kwa pamoja, RTS ikawa kitu cha kuwashwa mwanzoni na kuachwa hivyo, na hiyo ndiyo desturi iliyoganda ndani ya keneli. Keneli inadhani upande wa pili kuna modemu ya pande mbili. Upande wa pili kuna redio ya zamu. Mgongano uko hapo, wala hauhusiani na nembo ya mfumo.

Linabaki swali ambalo msomaji makini atakuwa ameshaliuliza. Kisanduku hicho hicho kilikuwa kimetumika miaka mingi na redio ya HF, yaani ya masafa mafupi, kabla ya kuhamishiwa mita 2, kwa PTT ileile ya RTS, na hakuna aliyelalamika. Mbona? Jibu liko kwenye aina ya urushaji. Katika SSB, urushaji uliokuwa ukitumika kule HF, redio ikiwekwa kwenye kurusha bila sauti haitoi nguvu ya maana; sindano ya kipimo haiondoki sifuri. Katika FM, redio ikiwekwa kwenye kurusha hutoa nguvu yake yote, sauti iwepo isiwepo. Kasoro ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ilihamia tu mahali inapoonekana. Ningeongeza kwamba programu nzuri huificha zaidi: Direwolf na Hamlib zikishafungua poti huizima RTS mara moja, kwa hiyo kinachobaki ni mpapatiko mfupi ambao redio nyingi hata hauwahi kuziamsha. Ni cu, ambayo haijui kuna redio, iliyouacha ukweli uonekane kwa ukamilifu wake.

Sasa tuje kwenye tiba, na hapa FreeBSD ilistahili kuhamiwa, ingawa si kwa sababu iliyoandikwa kwenye tiketi. Kila poti ya siriali ya FreeBSD ina kifaa-kivuli chenye kiambishi .init, ambacho hushika mipangilio ambayo poti itaanza nayo kila inapofunguliwa. Na matoleo ya karibuni yana bendera kwenye termios (mipangilio ya poti ndani ya mfumo), CNO_RTSDTR, inayoiambia keneli isiguse RTS wala DTR wakati wa kufungua. Mtumiaji huifikia kwa stty:

stty -f /dev/cuaU0.init -rtsdtr

Baada ya amri hiyo cu ilifunguka na LED ikabaki giza. Ni mstari mmoja, umeelezwa kwenye mwongozo wa stty na wa termios, na unafanya kazi kwenye mzizi wa tatizo badala ya kumwinda kila mfunguaji. Angalia jambo moja: cuaU0.init na ttyU0.init zina kumbukumbu tofauti. Kuweka bendera kwenye moja hakuigusi nyingine, na kuiweka kwenye cuaU0 yenyewe hakuna faida, kwa kuwa kufika huko ni lazima uwe umeshaifungua poti na RTS imeshawaka.

Furaha ilidumu hadi kebo ilipochomolewa. Kifaa cha USB kikiondoka, vifaa vyake vya /dev huondoka navyo, na mipangilio ya .init hufutika. Kikirudi, kinarudi na desturi ya zamani. Hapa ndipo devd inapoingia: ni huduma ya msingi ya FreeBSD inayosikiliza matukio ya keneli na kutenda. Mwenye kituo aliandika kanuni inayongoja DEVFS itangaze kuundwa kwa jina lolote la mtindo wa cuaU na namba likiishia .init, kisha inaendesha stty ileile juu yake. Angeweza kulenga chipu moja kwa namba za mtengenezaji na bidhaa, ambazo kwa FT232R ya FTDI ni 0x0403 na 0x6001, lakini mashine ile haikuwa na poti nyingine, na kanuni pana ina faida ya kutotegemea mpangilio wa namba U0, U1 ambao hubadilika kulingana na kilichotangulia kuchomekwa.

Je, hiyo inatosha? Mimi nasema haitoshi, na hapa natofautiana na wale wanaodhani bendera ya keneli ndiyo mwisho wa habari. Bendera inalinda pale ambapo FreeBSD iko hai na imesoma kanuni zake. Hailindi dakika ambayo kompyuta inaanza na BIOS inapekua USB, wala haitalinda siku kisanduku kitakapochomekwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine yenye mfumo mwingine. Kasoro ya waya hutibiwa kwenye waya.

Tiba ya waya ni ya zamani na ya bei ya chini: PTT isiitikie RTS peke yake, bali RTS iliyowaka huku DTR imezimwa. Kwa kuwa keneli huwasha zote mbili kwa pamoja, kufungua poti hakutazalisha hali hiyo; ni programu inayojua inachofanya tu itakayoizalisha. Ukitumia kiunganishi cha mwanga (optocoupler), unaweka LED yake kati ya mistari hiyo miwili, rezista ikiwa njiani. Kwa viwango vya RS-232, chanya ya LED inakaa upande wa RTS na hasi upande wa DTR. Zote zikiwa juu, hakuna tofauti ya volti, hakuna mkondo. Zote zikiwa chini, vivyo hivyo. Kwa chipu zinazotoa volti 5 au 3.3 moja kwa moja, ambako mstari uliowashwa hushuka badala ya kupanda, unageuza pande za LED. Na usisahau diodi ya kinga iliyolazwa kinyume sambamba na LED, kwa sababu hali ya nne, DTR imewaka na RTS imezima, huiwekea LED volti za kinyume, na LED nyingi za viunganishi hivyo huvumilia volti chache tu za kinyume. RS-232 inaweza kufikisha zaidi ya 20 kati ya mistari hiyo miwili.

Direwolf inaijua mbinu hii. Kwenye faili yake ya mipangilio mstari wa PTT unakubali mistari miwili yenye mwelekeo tofauti:

PTT /dev/cuaU0 RTS -DTR

Alama ya kutoa mbele ya DTR inasema igeuzwe. Mwenye kituo alifungua kisanduku, akabadilisha waya mmoja, akaongeza diodi, na tangu hapo LED ya majaribio haikuwaka kwa cu, wala kwa kuchomoa na kuchomeka, wala alipokichomeka kisanduku kwenye ile Linux ya zamani huku ModemManager ikiwa hai. Jaribio hilo la mwisho ndilo linalofunga hoja: dawa iliyofanya kazi pande zote mbili haikuwa mfumo endeshi.

Hata hivyo kuna hitilafu ambayo wala bendera wala diodi haiioni: programu iliyowasha PTT ipasavyo kisha ikaganda. Poti iko wazi, RTS imewaka, DTR imezimwa, kila kitu ni halali, na redio inarusha hadi ichemke. Kinga pekee hapo ni redio yenyewe. Redio nyingi za FM zina kikomo cha muda wa kurusha kwenye menyu, mara nyingi kwa jina la TOT, na kwa kituo cha pakiti hakuna sababu ya kukiweka juu ya dakika moja. Cha kushangaza ni jinsi watu wanavyotumia juma zima kulumbana kuhusu keneli ilhali TOT imezimwa tangu redio itoke kwenye boksi.

Kituo kilipotulia, mwenyewe alinogewa akataka kuihamishia FreeBSD redio ya HF pia, kwa FT8, mtindo wa kidijitali wa kubadilishana ujumbe mfupi. Hapo faida ilikuwa ndogo kuliko usumbufu. FT8, iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, hugawa muda katika vipande vya sekunde 15 na hurusha kwa sekunde 12.64, kwa hiyo saa ikienda kombo kwa zaidi ya sekunde moja au mbili usomaji unaharibika. Ntpd ya mfumo wa msingi ililimaliza hilo bila jasho. Sauti ndiyo iliyomchelewesha. WSJT-X huongea na kadi kupitia maktaba za Qt, na kwenye mashine yake Qt ilitaka PulseAudio katikati, safu ambayo alikuwa amefurahi kutokuwa nayo. fldigi kwa upande wake hukubali OSS, mfumo wa sauti wa FreeBSD yenyewe, moja kwa moja, na hiyo ilikwenda mara ya kwanza. Kwa FT8 ya mezani sioni kwa nini mtu aondoke Linux kama inamfanyia kazi.

Na kama angekuwa amechagua OpenBSD? Angekutana na dhana nyingine tofauti kabisa. Mfumo ule, kwa ajili ya faragha, huzima kurekodi sauti tangu mwanzo: mpangilio wa keneli (sysctl) uitwao kern.audio.record huwa 0, na programu inayosikiliza hupewa ukimya, haipewi kosa. Direwolf ingekaa siku nzima bila kusoma pakiti hata moja, na mwenyewe angepanda kukagua antena. Ukishajua, ni kuweka 1 na kuandika kwenye /etc/sysctl.conf. Usipojua, hakuna ujumbe utakaokuambia.

Kituo kinaendelea kwenye FreeBSD. Kanuni ya devd imebaki hata baada ya kubadilisha waya, na ina athari moja ya pembeni ambayo mwenyewe anapaswa kuikumbuka: inagusa kila poti ya siriali ya USB kwenye mashine ile. Bodi nyingi za Arduino hutegemea DTR kuwashwa ili zijianze upya pale poti inapofunguliwa. Akichomeka moja pale, haitajianza upya akiifungua kwa cu, ingawa avrdude, inayozungusha DTR yenyewe, itaendelea kupakia programu kama kawaida.